Chachu ya Mama Mkwe

Siku ile donge liliumuka bila kutiwa chachu. Sukari, kama wateja walivyomwita kwa utamu wa ulimi wake, alikuwa amekanda unga kwa maji na chumvi tu, akaufunika na kwenda kufagia duka. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimenyanyuka juu ya beseni. Alinusa mikono yake. Ilinuka uchachu.

"Mkono wa baraka huo," mumewe alisema akicheka. Mwokaji yule alikuwa mtu wa mzaha, mpole, na moto haukumjua. Aliingiza kiganja kitupu tanurini akatoa mikate kama anayechuma pilipili. Sukari alimpenda hivyo hivyo, pamoja na harufu ya chachu isiyomtoka hata akioga.

Kilichomtafuna Sukari ni mtoto. Kila mwezi ulimrudishia jibu lilelile, na mama mkwe hakujua kumeza maneno. "Mwanangu anachochea tanuri kila siku, mkate hatuuoni!" alisema mbele ya wateja, na wateja wakacheka, watu wabaya wale. Kisha akamvuta mkwewe jikoni, kwenye chungu cha chachu ya ukoo. Chachu hiyo ililishwa unga kila asubuhi, ikitumika nusu na kubakizwa nusu, tangu enzi za bibi zao.

"Maji yanayokaa juu yake ndiyo dawa," alinong'ona. "Jioshe nayo ndani. Mimi nilimpata mwanangu hivyo hivyo."

Mfa maji hukamata maji. Sukari akajiosha, asubuhi na jioni, wala hakumwambia mumewe. Haukupita muda akaanza kuwashwa hata kukalia kiti kukawa adhabu. Uchafu mweupe ukamtoka, mzito kama maziwa yaliyoganda, na kulala na mumewe kukawa kama kupakwa pilipili. Jamani, aliteseka, na dukani alitabasamu kama kawaida.

Nesi wa zahanati alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hii ni fangasi, dada. Siyo uchawi, wala siyo umalaya. Mwanamke yeyote anaweza kupata. Lakini nani alikwambia ujioshe ndani?"

"Natafuta mtoto, nesi."

"Uke unajisafisha wenyewe. Vidonge hivi utaviweka ndani ukienda kulala, na umalize dozi hata ukiona umepona. Fangasi si ugumba, usijitie hofu. Ila yale maji yaache kabisa."

Kidonge cha kwanza kilipoyeyuka mwilini mwake, chungu kiligonga ukuta wa jikoni. Mumewe aliamka ameshika tumbo, akatapika kitu cheupe chenye povu. "Nimekula nini mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kadiri Sukari alivyopata nafuu, ndivyo mumewe alivyokauka, ngozi ikimpasukapasuka mgongoni kama ganda la mkate wa jana.

Dozi ilipokwisha, mchana mmoja duka likiwa limefungwa, mama mkwe alimvamia jikoni na kata ya maji yale mkononi.

"Jioshe! Umemfukuza mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba gani, mama?"

"Jini wa chachu! Aliyenipa mwanangu! Nyumba yake sasa ni wewe!"

Akampiga na kata usoni, jino likaruka, wakashikana nywele wakaangukia chungu, kikapasuka, na chachu ile haikumwagika bali ilitambaa, ya moto, ya kunata, ikampanda Sukari vifundoni, ikampanda magotini, ikipatafuta pale ilipofukuzwa, na Sukari akanyakua kisu cha mikate akakata, akakata, kila kipande kikivuja damu sakafuni, mpaka mama mkwe akateleza kwenye damu hiyo na donge likamfunika uso, likamwingia puani na kinywani, shingo ikamtutumka, visigino vyake vikapiga sakafu, vikapiga, vikatulia.

Sukari alilizoa donge kwa koleo akalitupa tanurini. Likaanza kulia kwa sauti ya mtoto mchanga.

"Mama," lilisema. "Usinichome, mama."

Neno hilo alikuwa amelisubiri tangu aolewe. Alilia kwa uchungu, akaufunga mlango wa tanuri kwa kishindo.

"Mke wangu." Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. "Mbona nasikia joto?"

Yeye, ambaye moto haukumjua, alikuwa anageuka rangi ya kahawia. Uso ukamvimba hadi macho yakafunikwa. Ndipo Sukari alipoelewa, akaurukia mlango aufungue, chuma kikamla ngozi ya viganja, akavuta hivyo hivyo. Alikuwa amechelewa. Kifua cha mumewe kilipasuka kutoka shingoni mpaka kitovuni, na ndani hamkuwa na mfupa wala damu. Mlikuwa na weupe laini wenye vitundu vitundu, unaofuka mvuke.

Watu waliambiwa ni ajali ya tanuri, wakazika kilichopatikana.

Sukari alihamia chumba cha kupanga. Viganja vilipopona akarudi kwa nesi, akapimwa.

"Fangasi imekwisha kabisa," nesi alisema. "Na hongera, dada yangu. Una mimba."

Alicheka na kulia pamoja, akamtaja mumewe njia nzima. Alipofika chumbani akawasha tanuri dogo, akakanda unga kwa maji na chumvi tu, mkate wa bapa wa kutuliza njaa ya watu wawili. Alinusa mikono yake. Haikunuka chochote. Akafunika beseni.

Kitambaa kilipanda polepole, kikashuka, kikapanda tena, kama kifua cha mtoto aliyelala. Sukari akalibeba beseni, akalitua mbele ya tanuri. Moto ulikuwa tayari. Mkono mmoja ulikuwa tumboni, na ule wa pili, aliokuwa anaunyoosha kufungua mlango, ukaanza kuivuta ile pembe ya kitambaa iliyofunuka, ukalifunika donge vizuri lisipigwe na baridi.