Daftari la Waliokosa Dawa

Kinyozi hajaisahau miezi ile mitatu binti yake alipokuwa nyumbani. Siku ambazo wateja ni wachache, hukaa mwenyewe kwenye kiti cha kunyolea, akaikumbuka mpaka moyo ukauma.

Binti alikuwa mwanafunzi wa chuo. Nyumbani walimwita Kwanini, maana tangu utotoni hakuishiwa maswali. Chuo kilimtuma kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye shirika la kutetea wagonjwa. Ofisi ya shirika ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Huko alijifunza sera ya afya, yaani taratibu zinazoamua nani atapata matibabu gani, wapi na lini.

Kila asubuhi baba na binti walikunywa chai, kisha wakafuatana kwenda kazini. Njiani baba alimtania. Daktari hutibu watu, alisema, lakini mtu wa sera hutibu makaratasi. Kwanini naye alimwahidi kwamba mteja yeyote atakayenyolewa vibaya, shirika litamtetea. Walicheka hadi wapita njia wakageuka.

Lakini Kinyozi alikuwa na siri. Alikuwa na presha, na alitakiwa kumeza kidonge kimoja kila siku. Mara nyingi alifika kituo cha afya akaambiwa vidonge vimekwisha. Alishukuru, akarudi zake. Vichache alivyobaki navyo alivikata nusu kwa wembe.

Kazini, Kwanini alikuwa amekwama. Wagonjwa walilalamika kwamba dawa hakuna, lakini taarifa za kituo zilionyesha kwamba zinatosha. Alizisoma wiki nzima asione kosa. Mratibu wake, mama wa makamo aliyewahi kuwa nesi, akamwambia aende akakae na wagonjwa kwenye benchi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Akaenda, akakaa karibu na dirisha la dawa. Kila aliyepata dawa, nesi alimwandika daftarini. Aliyekosa aliondoka bila kuandikwa. Wa saba kuondoka mikono mitupu alikuwa baba yake.

Kwanini akamfuata mpaka getini.

"Baba, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya nne. Lakini usijali, mama. Nakata nusu nusu, zinanisogeza."

Kwanini alimpandisha ngazi hadi ofisini siku hiyohiyo. Mratibu akampima presha, nayo ilikuwa juu sana. Akamweleza kwamba nusu kidonge hakitoshi kumlinda. Presha yaweza kupanda bila maumivu yoyote, kisha siku moja mshipa wa kichwani ukapasuka.

"Ukikosa dawa, usikate vidonge na usinyamaze," alisema. "Omba umwone daktari siku hiyohiyo. Atakupa dawa nyingine au atakuelekeza pa kuipata. Na omba uandikwe kwamba umekosa."

"Yule nesi ni mtu mwema. Nikimshtaki, nitamtazamaje usoni?"

"Humshtaki, unamsaidia. Kituo kinaagiza dawa kwa kuhesabu walioandikwa. Wakiandikwa thelathini, zinaletwa za watu thelathini. Wewe unayerudi kimya kimya, kwenye hesabu hupo."

Kinyozi aliinama. Alimkumbuka marehemu baba yake, aliyeanguka kwa ugonjwa huohuo kabla ya kufika miaka hamsini, kama wanaume wote wa ukoo wao. Naye alikuwa mtu wa kushukuru na kurudi zake.

"Basi twende," alisema.

Nesi hakukasirika hata kidogo. Alisema amechoka kuwaambia watu "hakuna" mwaka hadi mwaka. Alimpeleka Kinyozi kwa daktari, akapata dawa ya aina nyingine. Kisha nesi akafungua daftari jipya, akaandika juu: Waliokosa. Jina la Kinyozi likawa la kwanza.

Baada ya wiki sita, majina yalikuwa arobaini na moja. Kwanini na Mratibu waliandika pendekezo la kurasa mbili, kwamba kila kituo kihesabu pia wanaokosa dawa. Kinyozi akaitwa mbele ya kamati ya afya. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini aliposimama alisema sentensi moja tu.

"Mimi ni mmoja wa wale ambao hamkuwahesabu."

Kamati ilikubali. Hazikupita siku nyingi, vidonge vikaanza kutosha. Kwanini akarudi chuoni, akahitimu, akapata kazi mji wa mbali. Baba alifurahi, na pia aliumia. Mpaka leo chai ya asubuhi anakunywa peke yake.

Juzi ametimiza miaka sitini na mitatu. Binti alimpigia simu kumpongeza, akamuuliza kama ameshameza dawa.

"Nimemeza, mwanangu," alijibu. "Sasa njoo umwone mzee. Kwetu hatujawahi kuwa na mzee."