Kiu ya Waiyego

Jumapili hiyo Wangeci, mke wa Pasta Irungu, alimaliza jagi la maji la mimbarini kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Akaomba lingine. Akina mama wakadhani ni homa.

Kufikia Jumatano alikuwa akinywa maji ya kufulia, na midomo bado ilimpasuka. Kinywa kilimnuka udongo mbichi. Pasta akamfungia ndani, akawaambia waumini ameenda kwao Moiben.

Haukuwa uongo wake wa kwanza. Waiyego, binti wa kwaya mwenye kifafa, alipokufa katika chumba cha maombi alimofungiwa bila chakula wala maji ili pepo limtoke, Pasta na Mzee Zachariah walimzika kimyakimya nyuma ya kanisa, wakasema amerudi Ainabkoi.

"Pasta, tumwite Hussein wa duka la nguo," Zachariah alinong'ona. "Huwa anasomea Kurani watu wenye mapepo."

"Mwislamu aombe kwangu?"

"Na sisi si tumeomba? Ona."

Hussein akaja, akasoma. Wangeci akacheka kwa sauti nzito ya kiume.

"Yule binti nilimkalia tangu utotoni, sikumuua. Ni nyinyi. Mkaniacha bila nyumba."

Hussein akafunga msahafu. "Pepo hili limeshikilia siri yenu, Pasta. Iseme mbele ya watu, ndipo nisome tena."

Jumapili iliyofuata, Wangeci akiwa ameshikwa mikono mbele, Hussein akisubiri mlangoni, Irungu alisema yote, akilia, jasho likimtiririka, akitaja kufuli, akitaja kaburi, akingoja mayowe, akingoja mawe, akingoja hata mtu mmoja asimame amlaani, lakini hakuna aliyesogea.

Mama Brigid, kiongozi wa kwaya, akainamisha kichwa.

"Tulijua, Pasta. Tulimsikia akigonga. Tukaimba kwa nguvu ndio tusisikie."

Irungu akamgeukia Hussein. "Soma, tafadhali! Nimesema!"

"Nimsomee nani sasa?" Hussein akauliza kwa sauti ya chini, macho yakipita benchi hadi benchi. Akavaa viatu, akaondoka.

Wangeci akalegea, akaanguka. Alikuwa amekata roho.

Pasta akapiga magoti kando yake. Ndipo Mama Brigid akainua uso, akafungua kinywa, na sauti ile nzito ya kiume ikatoka, tulivu:

"Endelea na ibada, Pasta."

Na kwaya nzima ikaitikia, "Amina," kwa sauti hiyo hiyo.