Mitungi Minne ya Mchungaji Wanyonyi

Eldoret nzima hakuna anayejua hadithi za jangwani kunishinda mimi. Jangwa lenyewe sijalikanyaga; nikifika Moi's Bridge tu midomo inanikauka na ninataka kurudishwa nyumbani. Lakini hii nilipewa na Musimbi mwenyewe jikoni kwangu, akiwa kwenye kikombe cha tatu cha chai, na mtu wa kikombe cha tatu hadanganyi sana.

Basi gari lilikufa Ijumaa saa sita mchana, katikati ya mto usio na maji.

Lilikuwa gari kuukuu la misheni. Mchungaji Wanyonyi aliliingiza mchangani kwa imani, kama alivyoingia kila mahali, na mchanga ukalimeza hadi tumboni. Kitu kikalia chini, tang! Mvuke mweupe ukafumuka mbele kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Musimbi, mkewe, akashuka akishika kitambaa cha kichwa. Kimya kilikuwa kingi. Kimya cha Eldoret kina boda boda ndani yake. Hiki cha kule chini, nyuma ya milima ya Pokot, kilikuwa kitupu, hata unasikia damu yako ikitembea.

"Rejeta," Wanyonyi alisema akiwa chini ya gari. "Jiwe limeitoboa."

"Inazibika?"

"Nipe sabuni."

Alikata kipande cha sabuni ya mche akakisindilia kwenye tundu. Jeki ikateleza, chuma kikampasua kiganja kutoka kidole cha shahada hadi kifundo cha mkono. Musimbi alirarua pindo la leso, akafunga, akakaza kwa meno.

"Sasa maji," akasema. "Mitungi iko wapi?"

Maana walikuwa wamebeba mitungi minne ya lita ishirini, na alfajiri alipouliza, Wanyonyi alimjibu, "Imejaa, Mama Sylvia, panda twende." Sasa juu ya gari palikuwa na kamba peke yake.

Wanyonyi alitazama juu. Akatazama njia waliyotoka. "Lazima imeanguka pale kwenye mteremko."

"Yote minne?"

"Shetani akianza kazi haachi nusu."

Musimbi aliishika ile kamba. Haikuwa imekatika. Ilikuwa imefungwa vizuri, fundo mara mbili na ncha imechomekwa ndani. Akanyamaza. Mke wa mhubiri hujifunza kunyamaza mapema, kabla hata ya kujifunza kuimba.

Ndani ya gari kulikuwa na nusu chupa ya maji na chai kidogo kwenye thamosi. Hiyo rejeta ilitaka debe zima.

Na Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Jumapili hiyo ndiyo iliyomkalia Musimbi kifuani kuliko kiu. Sylvia, mtoto wao wa pekee, alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Eldoret. Likizo alikaa kwa shangazi yake mtaa wa Pioneer. Wazazi walikuwa mwaka wa sita kule bondeni, kwenye kanisa la matofali ya udongo, na siku tatu za wazazi zilikuwa zimepita bila wao: moja mto ulifurika, moja watoto wa kijiji walishikwa na surua, moja kulikuwa na maiti na hakuna mwingine wa kumzika.

Mwezi uliopita walipanda kilima chenye mtandao wakampigia. Simu ya Wanyonyi ilikuwa imekufa sikio, ilisema kwa spika tu, kwa hivyo kilima kizima kilisikia.

"Mama, Mungu anawatuma kila mahali. Njia ya Pioneer haijui?"

Musimbi aliisogelea simu.

"Visiting ya mwisho ni Jumapili ya tarehe kumi na nne. Msipokuja, basi, msijisumbue tena. Na chapati ziwe zako wewe, Mama. Si za kununua."

Mzee Krop, aliyekuwa hapo na mbuzi wake, alitikisa kichwa. "Huyo mtoto ana haki," akasema. Krop alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Miaka sita hakukosa ibada hata moja, aliimba kuliko wote, lakini kubatizwa alikataa. Kanisa la Wanyonyi linazamisha mtu mzima mzima. Kunyunyizia matone wanaona ni kama kuosha uso. Krop alisema, "Nionyeshe mto kwanza." Na mto wa kule hufurika siku moja, kisha unabaki mchanga. Wakabaki hivyo, kila mtu akimngoja mwenzake.

"Lami iko wapi?" Musimbi aliuliza sasa, akifunga chupa kwenye leso pamoja na sahani ya bati.

"Kule. Ule mlima wa mabega mawili ukae mkono wako wa kulia. Kilomita thelathini. Labda arobaini."

"Hiyo labda ina kilomita ngapi?"

Wanyonyi aliketi kivulini mwa gari kungoja jua.

Walitembea jua lilipolegea, wakifuata mto wa mchanga, hadi miguu haikuonekana. Wakalala chini ya mgunga kama watu waliodondoshwa. Kulipopambazuka wakaendelea. Maji walikunywa kwa kifuniko cha chupa: kifuniko kimoja yeye, kimoja mume, kisha hatua mia tano. Chai iliisha kwanza. Mkono wa Wanyonyi ulivimba ukawa kama andazi.

Saa nne hivi dunia ikaanza kulainika. Mchanga ukawa unapumua. Milima ikang'oka chini ikaelea, na katikati ya milima Musimbi akaona mahindi ya Moi's Bridge, mabua marefu yenye mbelewele, yakiyumba bila upepo. Akasikia kengele ya shule. Hakushtuka. Mbele yao, hatua kama thelathini, alikuwa anatembea msichana mwenye sweta ya kijani, amebeba ndoo ya maji ya mfereji kichwani, na maji yanamwagika mgongoni kila anapokanyaga. Hakugeuka hata mara moja.

"Unamwaga," Musimbi akamwambia.

"Nani?" Wanyonyi akauliza.

"Si wewe."

Moyoni alikuwa anaongea na Mungu, na hakuwa anaongea kwa adabu. Wewe wako ulimwacha siku tatu, akamwambia, na nchi nzima ikatetemeka. Mimi wangu ni mwaka wa sita. Nani ametetemeka? Alingoja apigwe na radi. Radi inahitaji wingu, na wingu halikuwepo, kwa hivyo akaendelea kusema yote aliyokuwa ameyafunga tangu surua ile, na kadiri alivyosema ndivyo kifua kilivyokuwa chepesi, mpaka akahisi hakanyagi chini.

Wanyonyi alikaa ghafla kwenye jiwe. Macho yalikuwa yanang'aa kwa homa. "Mama Sylvia, nimekukosea."

"Nyamaza. Unamaliza mate."

"Kuna jambo—"

"Kunywa." Akampa kifuniko cha mwisho. Kwake mwenyewe akainamisha chupa tupu na kumeza hewa, kwa sauti, ili asikie.

Alipoinua macho, yule msichana wa sweta alikuwa amefika kwenye kona ya mto. Akatua ndoo upande wa nje wa kona, chini ya mti ambao majani yake yalikuwa mabichi kuliko ya mingine, na akaisha kama moshi.

Wanawake wa kule walikuwa wamemfundisha Musimbi kuchimba pale pale, kwenye kona, upande wa nje, penye mti usiojua kiangazi. Kama aliyemwonyesha ni Mungu, au ni kiu, au ni wale akina mama, mimi siamui. Nimemaliza darasa la saba tu. Alipiga magoti akachimba kwa sahani ya bati. Mchanga mkavu uliporomoka ukarudi. Akachimba tena. Kucha mbili ziling'oka nusu. Akafika kwenye kiwiko, akafika kwenye bega, shavu limelala mchangani, na huko chini vidole vikagusa baridi.

Hakupiga kelele. Alitoa mkono akauangalia. Mchanga ulikuwa mweusi, umeshikamana.

"Baba Sylvia. Njoo, taratibu."

Maji yalipanda polepole, rangi ya chai ya maziwa, kijiko kimoja, vijiko viwili. Alichuja kwa leso. Mume akanywa, yeye akanywa, wakangoja shimo lijikusanye, wakanywa tena. Kisha akamwosha kidonda, na usaha ulipotoka Wanyonyi alilia, si kwa uchungu wa mkono.

"Tukitoka hapa," akasema, "wewe ubaki Pioneer. Hadi mtoto amalize mtihani. Mimi nitarudi peke yangu."

Hayo maneno Musimbi alikuwa ameyangoja miaka sita, na yalipokuja alikuwa amekaa kwenye shimo, matope hadi kwenye nyusi. Alijaza chupa. "Haya. Simama, mlima uko kulia."

Lami waliifikia jua likiinama. Lori lililojaa mbuzi likasimama, na dereva, mtu mmoja anaitwa Irungu, akawachungulia. "Mbele kumejaa, mzee. Mtakaa na abiria wangu hapo nyuma. Hawa hawaongei siasa."

Jumapili alfajiri Eldoret iliwapokea na ukungu na manyunyu. Musimbi alifungua mdomo ukanyeshewa. Unga wa chapati, mafuta, jiko la kuwasha, muda, hakuna. Basi alipita kwenye hoteli ndogo ya Jerop pale Pioneer, akachukua chapati kumi na kuku wa mchuzi, na Jerop akamwazima hotipoti yake mwenyewe.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa blanketi na familia. Sylvia alikuwa amekaa peke yake karibu na ua, mgongo kwa lango, sweta ya kijani. Musimbi alisimama. Kwa dakika moja aliogopa kwamba akimkaribia ataisha kama moshi.

Alimgusa bega. Hakuisha.

Sylvia aliwaangalia: midomo iliyopasuka, mkono wa baba uliofungwa, kucha za mama. Akakunja pua. "Mnanuka mbuzi," akasema.

"Mimi sirudi kule mpaka umalize mtihani," Musimbi akasema.

"Mungu amekubali?"

"Tumeongea."

Ndipo mtoto akamwangukia shingoni, wakakaa hivyo muda mrefu, watu wakapita.

Walipokula, Sylvia akataka habari yote. Wanyonyi, aliyekuwa amepata sindano na chai, akaanza kuhubiri: rejeta, jua, mteremko, kamba ikakatika, mitungi minne ikabingirika bondeni huku yeye—

Simu ikalia. Akaibonyeza, ikanguruma kwa spika uwanja mzima.

"Mchungaji! Ni Krop! Nimepanda kilima. Mmefika? Mitungi yako iko kwangu, nimeiosha. Ile minne uliyonibatizia Alhamisi. Mke wangu anauliza, na lile turubai ulilotandika shimoni tulikunje ama tuliache?"

Mama mmoja wa blanketi jirani akaacha kutafuna.

"Kunja," Wanyonyi akasema kwa sauti ndogo, na akakata.

"Baba," Sylvia akasema.

"Anahama na ng'ombe kesho, kabla sijarudi. Miaka sita nimemngoja! Nilisema nitajaza alfajiri kisimani. Alfajiri pampu ikawa imeharibika, mitungi tupu nikaiacha kwake."

"Mitungi yote minne? Mtu mmoja?"

"Krop ni mrefu."

Sylvia alijaribu kukasirika. Ilimshinda; alicheka hadi akalalia blanketi, na Musimbi, ambaye alikuwa amekusudia kumkaripia mumewe kwa mwezi mmoja, akajikuta ana wasiwasi kwamba hatapata nafasi. Akajiweka sawa, akainua kidole chenye bendeji.

"Mtumishi wa Mungu! Kamba niliiona Ijumaa ile ile. Sylvia, ujue, katika nyumba hii tunasema ukweli hata ukiuma."

"Ni kweli, Mama." Sylvia akafuta machozi, akachukua chapati ya mwisho. "Ni laini sana hizi. Umeamka saa ngapi kuzipika?"

"Saa kumi. Nimezisukuma kwa mikono hii."

Mchuzi ulikuwa umemwagika blanketini. Sylvia aliinua hotipoti afute, akaigeuza, akatulia. Chini, kwa rangi nyekundu ya kucha, kulikuwa na maandishi makubwa. Akayasoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Jerop Hoteli. Rudisha."

Musimbi alitazama mawingu, ambayo siku hiyo yalikuwepo mengi.

"Shetani," akaanza.

"Akianza kazi haachi nusu," akamalizia Wanyonyi.