Chumvi Kwenye Vigingi

Stendi ilifurika watu, na kila mmoja aliuruka waya wa mpimaji isipokuwa kinyozi. Yeye alijikwaa, akaanguka na beseni lake la taulo, koti lake jeupe likapata rangi ya vumbi.

“Dada, huu mtego umemtegea nani?”

“Pole, kaka. Miamba ya chini hapa imepasuka. Napitisha umeme kwenye vigingi hivi, kompyuta inachora picha. Penye maji umeme hupita kirahisi, basi naona maji yanavyotembea kwenye ufa.”

“Watu huziba ufa, wewe unaupiga picha?”

Mpimaji akacheka, ingawa hakuwa amepanga kucheka. Tangu hapo akaitwa Bi Nyaya.

Kila wiki alirudi na buti zilezile za tope, ila hereni zilibadilika. Aliinama kigingi kwa kigingi akivimwagia maji ya chumvi ili umeme ushike, kisha akajinyoosha kwa maumivu.

“Kiuno hicho, mpenzi! Utazeeka kabla ya harusi.”

“Harusi ya nani?”

“Tusubiri picha. Na kisima wakichimbe mlangoni kwangu.”

Picha zikaja nzuri mno. Karibu na kibanda cha kinyozi doa la buluu lilipanuka kila wiki, kama maji yanayopanda kwenye ufa. Mkuu wa kazi akaagiza mtambo wa kuchimba kisima cha mji. Mpimaji akampigia simu kinyozi, sasa mpenzi wake, kumpa habari.

“Na mimi nimesaidia!” kinyozi akafurahi. “Siku usipokuja, huwa navimwagia vigingi vyako maji ya chumvi.”

Mpimaji akaielewa picha yake upya. Doa lile lilikuwa maji ya chumvi ya kinyozi tu, yakinywea ardhini na kupitisha umeme.

“Kumbe ulitaka kisima mlangoni kwako,” akasema, akakata simu.

Kesho yake alimweleza mkuu ukweli, akasemwa mbele ya wenzake mpaka masikio yakawaka. Akapima upya, mstari mpya, bila kumsalimia mtu stendi. Maji yalikuwa yakipita nyuma ya zahanati. Kazi ikaisha, akapangiwa ufa mwingine, mbali, mwaka mzima.

Alikuwa akifunga mizigo dada wa kinyozi alipopiga simu.

“Wifi, mdogo wangu ni mjinga, lakini si mjanja wa visima. Alisema, ‘Akikuta nimeshamwaga, hatainama.’ Basi.”

Mpimaji akakaa juu ya sanduku. Hakuwahi kumwambia kinyozi kuwa vigingi havimwagiwi ovyo. Alikuwa amemkosea, na alikuwa akimpenda, na yote mawili yalimuuma.

“Mpe simu, wifi.”

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

“Bi Nyaya.”

“Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukuuliza.”

“Na mimi nimekuharibia picha.”

“Nahama kesho kutwa. Twende wote.”

“Niende kama nani? Mbeba waya?”

“Kama mume wangu.”

Kinyozi akakohoa.

“Ngoja nimmalize huyu mteja, nusu ya kichwa bado. Halafu nafunga kibanda.”