Saa ya Ukutani

“Saa sita na dakika kumi,” Dereva alisema. “Mama, imepita.”

Mama wa mchumba wake hakuinua uso. Alikuwa amepakata sweta ya binti yake, ile ya kijivu yenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Mfukoni mwa sweta mlikuwa na pete ya uchumba. Nesi alikataa mgonjwa aingie nayo chumba cha upasuaji.

“Kaa, baba. Kuitazama saa hakusaidii.”

Angekaaje? Jana yake daktari aliwachorea shingo kwenye karatasi.

“Nitadunga rangi ya buluu kwenye tezi yenye uvimbe,” aliwaeleza. “Rangi itafuata njia ambayo saratani ingefuata. Kitezi cha kwanza kugeuka buluu ndicho mlinzi. Nakitoa, maabara wanakipima mgonjwa akiwa bado amelala. Kikiwa safi, nafunga kidonda kifupi. Kikiwa kibaya, napasua hadi karibu na sikio.”

“Sisi wa nje tutajuaje?”

“Tukianza saa tatu, kikiwa safi natoka kabla ya saa sita.”

Mchumba wake, Fundi, aliyemshonea mashati yote ya safari, alimgeukia. “Utakuwepo mlangoni?”

“Niende wapi tena? Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumsikia daktari.”

Sasa, nje ya chumba cha upasuaji, simu ya Dereva ikatetema. Dada yake alikuwa ameandika:

“Bado? Basi imesambaa. Toka mapema kaka, usije ukawa mgane kabla hujawa mume.”

Aliisoma mara mbili, akaifuta kwa kidole gumba.

“Mama, nafuata maji ya kunywa.”

Chupa yake ilikuwa chini ya benchi, imejaa mpaka shingoni. Mama aliiona. Akasikiliza viatu vikishuka ngazi mbiombio.

Saa nane kasorobo mlango ukafunguliwa. Barakoa ilikuwa imemwachia daktari mstari puani.

“Kitezi ni safi, mama. Mashine ya usingizi ilisumbua, tumeanza saa tano. Yule kijana yuko wapi?”

“Amefuata maji.”

Kesho yake Fundi alikuwa na sauti ya kukwaruza.

“Mama, nakojoa kijani. Nesi amecheka, anasema ni ile rangi inatoka.”

“Afadhali itoke.”

“Alikuwepo mlangoni?”

Mama alikunja sweta upya, ingawa ilishakunjwa. “Alikuwepo, mwanangu.”

Saa ya kuona wagonjwa Dereva akaingia na mfuko wa machungwa. Alisimama miguuni pa kitanda. Shuka lilimfunika Fundi mpaka kidevuni.

“Pole, mpenzi. Simu iliisha chaji.”

“Ulikaa mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho. Muulize Mama.”

Mama akatazama dirisha.

“Daktari alikuambia nini?”

Dereva aliweka mfuko wa machungwa kitandani. “Nilitaka upate nguvu kwanza. Kile kitezi... imesambaa kidogo. Lakini tutapambana. Harusi tu tuisogeze, mwaka hivi, usijichoshe.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

“Mama, nipe futi yangu ya kupimia nguo kwenye mkoba.”

Fundi alishusha shuka, akalaza futi juu ya bandeji.

“Soma.”

“Fundi...”

“Soma. Mabega yako nimeyapima mara tatu, namba unazijua.”

“Inchi mbili na nusu.”

“Inafika sikioni?”

Dereva aliinua macho kutoka kwenye futi.

“Daktari ameniambia asubuhi, kilikuwa safi. Walichelewa kuanza, basi. Wewe ukanizika kwa saa ya ukutani.”

“Nilichanganyikiwa. Dada ndiye aliyeniandikia...”

“Dada hakuniahidi kitu.”

Mama aliingiza mkono mfukoni mwa sweta, akaiweka pete kwenye kiganja cha Dereva, akamfunga vidole kimoja kimoja. Viatu vikashuka ngazi, safari hii polepole.

“Na wewe, Mama. Usinifiche tena.”

“Sirudii.”

“Baada ya miezi sita wanataka kunipima tena. Daktari anasema kitezi kimoja kuwa safi si kiapo.”

“Nitakaa benchi lilelile.”

“Hata saa ikipita?”

“Saa sijui kuisoma vizuri,” Mama akasema, akavuta machungwa, akaanza kumenya.