Yeyo Hakuulizwa

"Phile, shangazi yako wa Njiro alikatwa titi?"

Daktari Philemoni alikuwa anatoka kliniki, koti jeupe mkononi. Akamtabasamia mchumba wake.

"Salamu kwanza, mpenzi."

"Salamu baadaye. Alikatwa, hakukatwa?"

Nalepo alimsogezea simu usoni. Ujumbe wa shangazi Kandida ulikuwa wazi: "Mwanangu, mwambie mama asiogope kesho. Mimi walitoa uvimbe tu, nikaenda mionzi. Titi langu ninalo. Phile alinieleza njia zote mbili nikachagua."

"Njia zote mbili," Nalepo alisema. "Yeyo, mama yangu mzazi, amelala wodini. Kesho titi linaondoka, na anajua njia moja tu. Kwa nini?"

"Mionzi ni karibu kila siku, wiki kadhaa. Kutoka kijijini Nduruma asingeweza..."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza mzee wako."

"Mzee ana titi?"

Wauguzi wawili waliokuwa wanapita walipunguza mwendo.

"Nalepo, yule ni mkwe wangu! Kwenu kijana hata kula mbele ya mkwe hawezi. Ningeanzaje kumtajia titi? Ile ilikuwa heshima."

"Heshima! Juzi umesimama kwenye mkutano wenu wa madaktari, mimi nimekaa mbele nakupigia makofi. Ukasema utafiti wenu umeona wanawake wa mjini wanaulizwa, wa vijijini wanakatwa tu. Kumbe ulikuwa unajisema mwenyewe!"

Nalepo akavua pete ya uchumba, akaitumbukiza kwenye mfuko wa lile koti.

"Twende. Utamweleza wewe, kwa mdomo wako."

Yeyo alikuwa amejifunika khanga hadi shingoni. Mumewe, mzee Lerionka, alikaa pembeni ya kitanda.

"Shikamoo mama," Philemoni alisema, macho sakafuni. "Nimekuja kuhusu ule... ugonjwa wa... huko kifuani..."

"Titi," alisema yeyo. "Umeweza kupanga likatwe, basi litaje."

Akalitaja. Akaeleza yote huku jasho linamtoka: kutoa titi lote, au kutoa uvimbe tu na kufuata mionzi. Kwa uvimbe mdogo kama wake, matumaini ya kuishi ni yaleyale.

Mzee Lerionka akakohoa. "Mimi nilishasema litolewe."

"Ng'ombe wako akiugua unamhoji daktari wa mifugo mpaka anatafuta njia ya kutokea," yeyo alimgeukia. "Mimi ukanijibia tu."

Mzee akaangalia dirishani.

Yeyo akauliza maswali mengi. Mwisho akasema, "Wiki zote hizo mbali na shamba langu sizitaki. Toeni lote. Ila mjue nimesema mimi."

Walipofika nje Philemoni akashusha pumzi. "Umeona? Imekuwa vilevile."

"Vilevile?" Nalepo alimgeukia. "Kesho yeyo anaenda thieta kwa hiari yake. Wewe ulikuwa unampeleka kama mzigo!"

"Basi nisamehe. Na harusi ya Desemba?"

"Nani alipanga Desemba?"

"Mimi na mzee..." Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaitoa pete mfukoni. "Nalepo, naomba nikuulize."

"Si leo, nina mgonjwa. Yeyo akipona, njoo saluni kwangu Kimandolu, uniulize mbele ya wateja wangu. Na ujiandae, Phile. Na mimi nina njia mbili."