Tarehe ya Kurudi

Mwanamume aliyekuwa akichagua viatu sokoni siku ile alikuwa na miguu mitatu. Miwili alikuwa ameisimamia, wa tatu ameubana kwapani, na huo wa kwapani ndio uliokuwa ukijaribishwa viatu. Mgeni alisimama katikati ya njia, ndoo mpya mkononi, akasahau kabisa kilichompeleka sokoni. Watu walimpita wakimsonya, maana kuziba njia siku ya soko ni kujitafutia maneno.

Dada huyu alikuwa na siku nne tu mjini. Alitoka nchi ya mbali kuja kujitolea miezi sita kwenye kituo cha viungo bandia, kazi yake kuwafundisha watu kutembea upya. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na raba nyeupe ambazo tayari hazikuwa nyeupe. Lugha alijifunza darasani mwaka mzima, kwa hiyo aliiongea polepole, kama anasoma barua ya serikali.

"Samahani sana, kaka. Mguu huo ni wa nani?"

"Wa mwenyewe," yule jamaa alijibu bila kugeuka. "Au unataka kuuazima?"

Kisha akageuka. Nyusi zake zilikuwa na vumbi jeupe la plasta, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alipouona ule uso wenye maswali kumi kwa mpigo, utani wote ukamkauka mdomoni. Mimi sifichi kitu: alimpenda palepale, kwenye lundo la viatu vya mitumba. Kukiri tu ndiko kulikomchukua miezi sita.

Kesho yake walikutana kituoni, kwa kuwa yule jamaa ndiye aliyekuwa fundi wa miguu pale. Wote walimwita Fundi. Yule dada naye, kabla hata hajaonyeshwa kabati la kuwekea mkoba wake, alishapewa jina la Mgeni likamganda.

Na aliuliza, jamani. Aliuliza kwa nini mama mwenye nyumba wake anamwita kila mpangaji mwanangu, hata yule mwenye mvi. Aliuliza kwa nini mgonjwa huanza kwa habari za nyumbani, za kazi na za watoto, ndipo aseme mguu unauma. Fundi alimwambia angekuwa askari wa upelelezi wezi wangehama mji, lakini kila swali alilijibu. Baadaye akaanza kumpigia simu kila jioni, na kila jioni neno lake la kwanza lilikuwa moja: umekula? Mgeni alimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini huyu mtu anajali sana tumbo lake. Yule mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, mwanamume akikuuliza umekula kila siku ya Mungu, chakula hakimo kabisa katika hayo mazungumzo."

Tangu hapo Mgeni akawa anaisubiri simu hiyo, na mfukoni mwa gauni la kijani akawa anatembea na fomu ya kuomba mwaka mmoja zaidi. Hakuijaza. Alitaka kwanza asikie neno moja kutoka kwa Fundi.

Mwezi wa tano akaharibu. Fundi alisafiri siku mbili kufuata vifaa, na Mgeni akaona amshangaze kwa kuisafisha karakana. Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na rafu ndefu iliyojaa kalibu, yaani maumbo ya plasta ya vigutu vya miguu, yote yana vumbi. Kwao, vipimo hukaa kwenye kompyuta, na kalibu huvunjwa mguu ukishakamilika. Akachukua nyundo, akazivunja zote kumi na tisa, akafuta rafu, akapanga mipira yake ya mazoezi, akaridhika kabisa na kazi yake.

Fundi aliporudi alisimama mbele ya rafu ile bila kutua begi. Kila kalibu alikuwa ameiandika kwa penseli jina la utani la mwenyewe na tarehe ya kurudi kukaguliwa. Mguu ukipasuka, aliichukua kalibu, akautengeneza upya juu yake, na baada ya siku mbili mtu akaondoka anatembea. Asubuhi hiyohiyo Mama Mayai alifika na mguu uliopasuka. Ilibidi apimwe upya na akae siku kumi kwenye magongo, na nani anabeba trei za mayai juu ya magongo?

Hakumfokea. Afadhali angefoka. Alianza kumwita Dada Mtaalamu, kwa heshima zote, na simu za jioni zikakoma. Mgeni alipojipa moyo akapiga yeye, aliambiwa, "Niko kazini, Dada Mtaalamu," na simu ikakatwa.

Alilia jikoni kwa mama mwenye nyumba. Alisema fomu ataichana, arudi kwao, kwani abaki kwa ajili ya nani?

"Hao kumi na tisa si watu?" mama alimuuliza. "Kwanza kawatafute. Kulia utalia baadaye, machozi hayaozi."

Daftari la kituo halikuwa na anwani, lilikuwa na maelekezo. Nyuma ya kinyozi, mlango wa bluu, ulizia Mzee Redio. Karibu na bomba bovu, nyumba yenye mbwa mpole. Mgeni aliuzunguka mji wiki mbili, kila alasiri baada ya kazi, akipotea, akielekezwa, akilishwa. Kila mlango alianza na habari za nyumbani, za kazi na za watoto, ndipo aseme, "Mimi ndiye niliyevunja kalibu yako. Nakuomba uje tukupime tena." Mzee Redio alimwita mkewe aje amwone huyu aliyemvunja mguu mara ya pili, na wote wakacheka hadi majirani wakachungulia.

Walikuja wote. Siku ya kwanza Fundi alikuta foleni imefika getini, akamtazama Mgeni, akaenda kuloweka bendeji za plasta. Alimpa moja.

"Anzia chini. Taratibu, hicho ni kigutu cha mtu, si mzigo wa basi."

Ulikuwa utani wa kwanza tangu siku ile, na Mgeni aliinama zaidi ili machozi yake yasionekane.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, kalibu kumi na tisa zilikuwa zimerudi kwenye rafu. Fundi alimwomba Mgeni akae kitini na avue raba. Akaanza kumfunga bendeji mbichi kwenye mguu, kuanzia kwenye vidole.

"Fundi, mguu wangu ni mzima."

"Najua. Rafu hii ni ya watu wanaorudi. Nakupenda, na kuongea sijui, ninachojua ni hiki." Plasta ilipoanza kukauka alichukua penseli, akaandika Mgeni, kisha mkono ukasita. "Tarehe gani niandike?"

Mgeni alimnyang'anya penseli, akaandika mwenyewe. Fundi alisoma: Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Jumatatu ipi?"

"Hii inayokuja." Alitoa mfukoni fomu iliyopigwa muhuri. "Niliijaza kwa ajili ya wale kumi na tisa, na ofisi imenikubalia wiki iliyopita. Mama mwenye nyumba anajua. Mama Mayai anajua. Hata mlinzi anajua."

"Ukaniacha nimalize bendeji nzima?"

"Nilitaka kujua utafanya nini."

Fundi alikaa sakafuni karibu na mguu wa plasta, akajifuta uso kwa mkono mchafu, akazidi kujipaka weupe.

"Umekula?"

"Bado," alisema Mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu afike mji ule hakuwa na swali.